Mwaka mmoja wa kuliombea kanisa linaloteswa kwa kutumia World Watch List: tathmini kutoka kikundi cha maombi Kigoma

Kwa miaka mingi maombi ya ushirika wetu kwa ajili ya Wakristo wanaoteswa yalikuwa sentensi moja tu. Ilisemwa kila Jumapili baada ya kuwaombea wagonjwa na kabla ya kuwaombea viongozi wa nchi: Bwana awakumbuke ndugu zetu wanaoteswa kokote waliko duniani. Kanisa liliitikia amina, kisha matangazo yakaanza. Siamini kwamba Mungu alilidharau ombi hilo, lakini najua kwamba sisi tuliokuwa tukiliomba hatukujua tunamwombea nani, yuko wapi, amefanywa nini, wala ana haja na nini. Januari 2025 kikundi chetu cha maombi cha Jumanne, hapa Kigoma mjini, kiliamua kulirekebisha jambo hilo, na chombo tulichokichagua ni orodha ya nchi ambako Wakristo wanateswa zaidi, inayotolewa kila mwaka na Open Doors, shirika linalowahudumia Wakristo wanaoteswa, nayo inaitwa World Watch List. Tumeitumia mwaka mzima, nchi moja kila Jumanne. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vikundi vingine vinavyotafuta msaada wa namna hiyo, na niseme mapema kwamba ninaipendekeza kwa moyo wote, ingawa kuna namna ya kuitumia ambayo sisi wenyewe tuliifahamu baada ya miezi kadhaa ya kukosea.

Open Doors ilianzishwa na Mholanzi aliyeitwa Andrew van der Bijl, ambaye Wakristo wengi wanamfahamu kwa jina la Ndugu Andrew. Mwaka 1955 alikwenda Poland, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa kikomunisti, akakuta waamini walio hai lakini waliotengwa na ndugu zao wa nchi nyingine. Tangu hapo alianza kuvusha Biblia mipakani kwa gari dogo la Volkswagen. Kazi hiyo ilikua hata usiku wa tarehe 18 Juni 1981 shirika lake likashusha Biblia milioni moja kwenye ufuko wa China, kwa usiku huo mmoja. Ndugu Andrew alifariki Septemba 2022 akiwa na umri wa miaka 94. Ninayataja haya kwa sababu orodha hii haikutungwa na watu waliokaa mbali wakihesabu misiba ya wengine. Ilizaliwa na kazi ya kuwafikia wanaoteswa, na anayeisoma kwa makini anaona kwamba waliokusanya habari zake wanajua njia za kuingilia na nyumba za kulala.

Orodha yenyewe hutaja nchi 50 ambako ni vigumu zaidi kumfuata Kristo, kuanzia iliyo ngumu kuliko zote. Katika toleo la 2025 kumi za kwanza ni Korea Kaskazini, Somalia, Yemen, Libya, Sudan, Eritrea, Nigeria, Pakistan, Iran na Afghanistan. Toleo hilo linasema kwamba Wakristo zaidi ya milioni 380 wanaishi mahali penye mateso na ubaguzi wa kiwango cha juu, yaani mmoja katika kila Wakristo saba duniani, na kwa Afrika ni mmoja katika kila watano. Inasomeka bure mtandaoni, ikiwa na ramani, maelezo ya kila nchi na mambo ya kuombea, hivyo gharama yetu ilikuwa bando la simu na karatasi za kuchapia. Mimi niliisoma kwa Kiingereza, nikawa ninaandika muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja kwa kila nchi. Kazi hiyo ilinichukua kama saa mbili kila Jumatatu jioni, na atakayetaka kuiga mpango wetu ajue kwamba lazima apatikane mtu mmoja wa kuibeba.

Nchi ni 50 na majuma ya mwaka ni 52, kwa hiyo tuliliacha Juma Kuu na juma la Krismasi, tukazigawa nchi kwenye majuma yaliyosalia. Tulianza na nchi ya 50 tukapanda kuelekea ya kwanza. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyetushauri hivyo, na ushauri wake ulikuwa wa hekima, kwa maana alisema tukianza na zile zinazojulikana tutachoka tukifika katikati, na ndugu zetu wa chini ya orodha hawataombewa na mtu. Kila nchi ilipata kadi moja ngumu yenye ukubwa wa kiganja: upande mmoja jina la nchi na habari tatu au nne, upande wa pili mambo matatu ya kuombea. Kadi ilipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akaisoma kwa sauti ya chini kabla ya kuomba. Siku umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, kadi ilisogezwa kwenye taa ya simu ya anayeomba, na uso wake ndio pekee uliokuwa ukionekana chumbani.

Sasa niseme kile ninachokiona kuwa thamani kubwa ya chombo hiki, ambacho pia ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi, nacho ni jinsi alama zinavyotolewa. Watu wengi wakisikia neno mateso wanawaza damu, moto na bomu kanisani. Orodha hupima mambo sita: maisha ya faragha ya mwamini, maisha yake katika familia, katika jamii, katika taifa, katika kanisa, kisha ukatili. Kila moja lina uzito sawa, kama alama 16.7, na jumla ni 100. Kwa hiyo ukatili, pamoja na kutisha kwake kote, ni sehemu moja katika sita. Sehemu tano zilizobaki ni shinikizo. Je, mtu anaweza kuwa na Biblia nyumbani kwake? Anaweza kuomba na watoto wake bila hofu kwamba mtoto atalitaja jina la Yesu shuleni? Akifa, atazikwa kwa imani yake au kwa ya ukoo? Akibatizwa, mkewe atabaki naye, na urithi wake utakwenda wapi? Maswali hayo ndiyo yaliyotufundisha kuomba. Siku ya Yemen hatukuwa na habari ya kanisa lililolipuliwa, kwa sababu mwamini wa huko aliyetoka katika Uislamu hana jengo la kulipuliwa. Ana chumba, simu na hofu ya ndugu zake wa damu. Tuliomba kwa ajili ya mtu anayeamka usiku kusoma sura moja na kufuta alama za alichosoma kabla ya alfajiri, na mama mmoja aliyeolewa katika nyumba isiyo ya Kikristo akalia kwa muda mrefu, kwa sababu alijiona humo.

Hapo ndipo palipo pia hatari ya orodha. Inapangwa kwa namba, na namba zina tabia ya kutufanya tuisome kama msimamo wa ligi. Katikati ya mwaka nilimsikia kijana wetu mmoja akisema kwa ujasiri kwamba Nigeria ina nafuu kuliko Libya kwa kuwa ni ya saba na Libya ni ya nne. Ukweli ni kwamba katika kipindi kilichopimwa na toleo la 2025, shirika lilihesabu Wakristo 4,476 waliouawa duniani kwa sababu zinazohusiana na imani, na 3,100 kati yao waliuawa Nigeria peke yake. Kwa upande wa ukatili Nigeria ina alama zote zinazowezekana. Iko nafasi ya saba kwa sababu mamilioni ya Wakristo wa kusini mwa nchi hiyo wanaabudu kwa uhuru, wanajenga makanisa makubwa na kuimba hadharani, jambo ambalo Mkristo wa Libya haliwazi hata ndotoni. Mfano wa pili ni Afghanistan. Baada ya Taliban kuutwaa mji wa Kabul Agosti 2021, nchi hiyo ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika toleo la 2022, ikaiondoa Korea Kaskazini iliyokuwa imekaa hapo karibu miaka ishirini mfululizo. Mwaka uliofuata ilishuka hadi ya tisa. Haikushuka kwa kuwa mambo yalikuwa yamepoa. Wakristo wengi walikuwa wamekimbia nchi au wamejificha kiasi kwamba hapakuwa na wengi wa kukamatwa. Ukiisoma namba bila maelezo utamshukuru Mungu mahali unapopaswa kuomboleza. Ushauri wangu kwa kikundi chochote ni kuificha namba. Sisi kuanzia Julai tuliacha kuiandika kwenye kadi.

Nigeria tuliifikia mwanzoni mwa Desemba. Sikuandika takwimu nyingi kwenye kadi yake. Niliandika habari ya Leah Sharibu, aliyetekwa na wapiganaji wa kundi lililotokana na Boko Haram tarehe 19 Februari 2018 katika shule ya wasichana ya Dapchi, jimbo la Yobe, akiwa na umri wa miaka 14. Wasichana waliotekwa siku hiyo walikuwa 110. Watano walifariki, na wengine karibu wote walirudishwa Machi mwaka huohuo, lakini Leah alibakizwa kwa sababu alikataa kuikana imani yake. Tulipoomba ilikuwa imepita miaka saba na miezi kadhaa. Kulikuwa na wasichana watatu wa kidato cha pili katika kikundi jioni ile, wenye umri uleule aliokuwa nao siku ya kutekwa, na kiongozi wetu aliwaomba wao ndio waongoze. Mmoja aliomba kwamba Leah asisahau sauti ya mama yake. Nimesikia maombi mengi marefu yenye maneno mazito, lakini ombi hilo ndilo ninalolikumbuka katika mwaka mzima.

Lazima niseme pia juu ya Kongo, kwa sababu hapo ndipo chombo kilipokutana na watu wenye habari kamili kuliko chenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa ya 35 katika toleo la 2025, kutoka ya 41 mwaka uliotangulia, na sababu kubwa ni ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda linaloua na kuteka watu katika Kivu Kaskazini na Ituri. Zamu yake ilifika mwezi Mei. Nilikuwa nimeandaa kadi yenye habari ya bomu lililolipuka Januari 2023 katika kanisa la Kipentekoste la Kasindi wakati wa ibada ya ubatizo, na jambo la kuombea niliandika neno moja, amani. Katika kikundi chetu yumo dada aliyetoka Beni miaka michache iliyopita. Aliichukua kadi, akaisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao: «Amani ni neno kubwa sana. Siye tunaogopaka kwenda ku shamba. Muombe watu wafike ku shamba na warudie.» Akaeleza jinsi wauaji wanavyowavizia wakulima kwenye mashamba ya kakao, na jinsi njaa inavyoingia katika nyumba ambayo hakuna aliyeuawa ndani yake. Tangu jioni ile tulibadili utaratibu: kabla ya kuiandika kadi tunamtafuta kwanza mtu anayeifahamu nchi, na pale asipopatikana tunakubali kwamba kadi yetu ni dhaifu.

Miezi miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, watu zaidi ya 40 waliuawa huko Komanda, Ituri, waamini wakiwa katika mkesha katika parokia yenye jina la Mwenye Heri Anuarite, yule sista Mkongo aliyeuawa mwaka 1964. Hatukusubiri zamu. Tuliitoa kadi ya Kongo kwenye boksi, na mara hii hakuna aliyehitaji kusoma upande wa pili.

Kuna jambo la haki ambalo maelezo ya nchi yanaligusa lakini msomaji wa haraka anaweza kuliruka. Wauaji wa ADF wameua pia Waislamu wa Kongo, na Boko Haram imeua Waislamu wengi mno wa kaskazini mwa Nigeria, wakiwemo waliokuwa wakisali msikitini. Katika ukanda wa kati wa Nigeria ugomvi wa ardhi na malisho umechanganyika na dini kiasi kwamba si rahisi kuvitenganisha. Kumwombea Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya imani yake hakuhitaji kuyaficha hayo, na ombi linalojengwa juu ya habari nusu haliwezi kumtendea haki yeyote. Orodha yenyewe hutofautisha vyanzo vya mateso. Haivitaji vyote kwa jina moja. Ipo misimamo mikali ya Kiislamu, lakini upo pia ukandamizaji wa ukoo, utawala wa kidikteta, ukomunisti na mabaki yake, utaifa wa kidini kama ule wa baadhi ya makundi ya Kihindu nchini India, magenge ya uhalifu yanayowaua wachungaji wa Mexico na Kolombia, na hata kanisa moja kulikandamiza kanisa lingine. Hilo la mwisho liliwagusa wengi wetu, na kwa muda chumba kilikuwa kimya.

Sisi tunaishi jirani na Ujiji. Asubuhi adhana ndiyo inayotuamsha, na katika misiba yetu masufuria makubwa ya pilau hutoka nyumba za Waislamu. Niliogopa tangu mwanzo kwamba mwaka mzima wa kusoma habari hizi ungetia uchungu katika mioyo ya watu wetu dhidi ya majirani. Kwa hiyo mapema, kabla hatujafika katika nchi za juu, nilitengeneza kadi moja isiyo ya nchi yoyote. Juu yake niliandika habari ya Salah Farah, mwalimu Mwislamu wa Kenya. Desemba 2015 wapiganaji wa al-Shabaab walilisimamisha basi karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake waliwavika Wakristo vitambaa vyao vya kichwani, na Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa kujitenga, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 kwa majeraha hayo. Kadi hiyo ilibaki mezani kila Jumanne pamoja na kadi ya juma. Ukiniuliza ni nini ningekiongeza kwenye mpango wowote wa maombi ya namna hii katika nchi zetu, ningeanza na hicho.

Faida nyingine ya kuwa na chanzo kimoja kinachokagua habari zake ni kwamba kilitukinga na uongo. Wengi wenu mmeupokea ule ujumbe wa simu unaosema kwamba wamisionari 22 wamehukumiwa kuuawa Afghanistan kesho mchana, tafadhali sambaza kwa makundi yote ya maombi. Ujumbe huo umekuwa ukizunguka kwa lugha mbalimbali tangu mwaka 2009 hivi. Yaelekea ulichipuka kutokana na tukio la kweli la mwaka 2007, ambapo Wakorea Kusini 23 wa kanisa moja walitekwa na Taliban, wawili wakauawa na wengine wakaachiwa. Ulitufikia sisi pia, na kabla ya mwaka huu tungeusambaza usiku uleule. Safari hii watu walisubiri, wakauliza, kisha wakaambiana ukweli bila kumfedhehesha dada aliyeuleta kwa nia njema. Kuomba kwa ajili ya watu ambao hawapo si dhambi, lakini kunachosha, na anayegundua kwamba amelia machozi ya bure mara mbili au tatu hatalia tena atakaposikia habari ya kweli.

Kuhusu msaada wa mali nitasema machache. Miaka ya nyuma kikundi chetu kilituma mchango kwa taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikitutumia picha za watoto wanaolia na namba ya simu ya kupokelea fedha. Hatukupata risiti wala taarifa, na tulipouliza tulitumiwa picha nyingine. Tangu hapo tunataka kujua mambo matatu kabla ya kutoa: fedha inapitia mikono gani, nani anaihesabu, na sura za wanaosaidiwa zinalindwa vipi. Hili la sura ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyebatizwa kwa siri Somalia anaweza kuuawa kwa sababu ya picha iliyopigwa na mgeni mwenye upendo. Ndiyo maana maelezo ya Open Doors hutumia majina ya kubuni kwa wengi wa watu wake, na wapo katika kikundi chetu walioona kwamba hilo linapunguza uzito wa ushuhuda. Mimi naona kinyume. Mahali ambapo jina halisi linaweza kumpeleka mtu kaburini, kulificha ni sehemu ya kumsaidia, na Mungu anayejua idadi ya nywele zetu hahitaji tumtajie jina. Sadaka yetu ya mwaka huu tuliielekeza karibu, kwa familia za Wakongo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kupitia kanisa linalohudumu huko: sabuni, daftari, vitenge na unga. Haikuwa nyingi. Tulipewa orodha ya vilivyopokelewa, imesainiwa, nayo imebandikwa ukutani karibu na ramani.

Kwa nani orodha hii haifai? Nisingeipendekeza kwa kikundi kinachotaka mpango ulio tayari, usiohitaji mtu wa kusoma na kupunguza. Maelezo ya nchi ni marefu, yana lugha ya watafiti, na ukiyasoma yalivyo mbele ya watu waliotoka sokoni na ziwani watasinzia, tena kwa haki. Vilevile, kwa kanisa linaloanza kabisa, ningeshauri lisianze na mwaka mzima. Ipo siku ya kimataifa ya kuliombea kanisa linaloteswa, iliyoanza mwaka 1996, ambayo makanisa mengi huiadhimisha Jumapili ya kwanza ya Novemba na mengine ya pili. Chukueni nchi tatu tu siku hiyo, mzieleze vizuri, muombe kwa utulivu, halafu muone kama watu wenyewe wataomba waendelee. Kwetu sisi mwaka ulianza na watu kumi na mmoja, na Jumanne ya Korea Kaskazini, Januari 2026, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, tulikuwa ishirini na sita, na viti vya plastiki viliazimwa kutoka kwa kwaya.

Toleo la 2026 limekwisha kutoka, nasi tumeanza kuandika kadi mpya. Zile za zamani hatukuzitupa. Mama anayezitunza amezifunga kwa mpira, nchi kwa nchi, isipokuwa moja aliyoiacha juu, nayo ni ya Eritrea. Nchi hiyo tangu mwaka 2002 inaruhusu madhehebu matatu tu ya Kikristo pamoja na Uislamu wa Sunni, na walio nje ya hayo wamefungwa kwa miaka, wengine ndani ya makontena ya chuma yanayochoma mchana na kugandisha usiku. Juu ya kadi kuna majina mawili yanayojulikana kwa umma, wachungaji Haile Nayzgi na Kiflu Gebremeskel, waliokamatwa Asmara tarehe 23 Mei 2004 na ambao hawajafikishwa mahakamani hata siku moja. Majina yameandikwa kwa kalamu ya wino. Chini yake, kwa penseli, imeandikwa miaka 21. Nilimwuliza mama kwa nini ametumia penseli mahali hapo, akanijibu kwamba Mei itabidi abadilishe, isipokuwa kama watakuwa wametoka.